Bocha: mchezo ambao mtoto wa Oltepesi na wa Ganze bado hawajafunguliwa mlango

Paralimpiki ya Los Angeles itafunguliwa Agosti 15, 2028. Miongoni mwa michezo itakayochezwa huko umo mmoja ambao uliingia Paralimpiki mwaka 1984, na tangu hapo Kenya haijawahi kupeleka mchezaji hata mmoja. Unaitwa bocha. Wasomaji wengi wa Pwani hawajausikia, na si ajabu. Hauonyeshwi kwenye runinga zetu, watu hawauwekei kamari, na waziri hajawahi kupigwa picha akiwaaga wachezaji wake uwanja wa ndege.

Aliyecheza gololi utotoni atauelewa kwa dakika mbili. Kuna mpira mmoja mweupe unaotupwa kwanza, ndio shabaha. Upande mmoja una mipira sita myekundu, upande wa pili sita ya buluu. Kila mmoja anatafuta kuisogeza mipira yake karibu na ule mweupe kuliko ya mwenzake. Unaweza kuugonga wa mpinzani ukautoa, unaweza kuusukuma mweupe wenyewe ukahama na hesabu yote ikageuka. Mipira ikishaisha, aliye karibu zaidi hupewa pointi kwa kila mpira wake uliomshinda mpinzani kwa ukaribu. Mechi ya mtu mmoja mmoja ina duru nne, ya timu ina duru sita. Uwanja ni mita 12.5 kwa 6, sakafu laini, ndani ya ukumbi. Mpira una uzani wa takriban gramu 275, kiasi cha machungwa mawili. Nguvu si hoja kubwa. Hoja ni akili na subira, na kwa hapo bocha iko karibu zaidi na bao kuliko kandanda.

Lakini kilichonifanya niuandikie ni wale wanaoucheza. Michezo mingi ya walemavu tunayoijua humtaka mtu awe na kitu kizima cha kutegemea: asiyeona ana miguu ya kukimbilia, aliyekatwa miguu ana mikono ya kusukuma gurudumu au kunyanyua vyuma. Bocha ilianzishwa kwa ajili ya watu wenye mtindio wa ubongo, wale ambao viungo vinakataa kutii, mkono ukitumwa kulia unakwenda kushoto. Baadaye ikawafungulia na wengine wenye ulemavu mzito wa mikono na miguu, kama wanaougua kudhoofika kwa misuli au walioumia uti wa mgongo juu kabisa. Wamegawanywa madaraja manne, kuanzia BC1 hadi BC4, ili kila mtu akutane na wa hali yake.

Daraja la BC3 ndilo la kutazamwa vizuri. Hao hawawezi kushika mpira wakautupa. Wanatumia mteremko, mfereji mrefu uliosimamishwa mbele ya kiti, na mpira unaachiliwa uteremke wenyewe. Mchezaji anauachilia kwa kidole kama kinamtii, au kwa kijiti kilichofungwa kichwani, au kwa mdomo. Pembeni yake yupo msaidizi wa kuusogeza mfereji kulia au kushoto, kuuinua au kuushusha. Sheria inasema msaidizi huyo akae ameupa uwanja mgongo. Haruhusiwi kugeuka kutazama, wala kumshauri mchezaji. Anasubiri aamrishwe, kwa neno au kwa ishara, basi.

Hebu lifikirie hilo kwa mazingira yetu. Mtoto wa namna hii, tangu azaliwe, kila mtu humsemea. Mama humsemea hospitalini, shangazi humsemea kwa wageni, ofisi ya chifu humjazia fomu. Watu humuuliza mzazi, "Huyu anakula nini?" naye kijana yuko pale pale anasikia. Halafu unamkuta uwanjani ambapo mtu mzima mwenye mikono na miguu kamili amekaa kimya, amegeuza mgongo, anangoja kuambiwa na yeye. Sijui mchezo mwingine wowote ulioandika jambo hilo ndani ya kanuni zake.

Sasa tuje Kenya. Sisi ni taifa la mbio na hata Paralimpiki yetu ni ya mbio. Rio 2016 wakimbiaji Samwel Mushai Kimani na Henry Kirwa walirudi na dhahabu. Tokyo, medali yetu pekee ilikuwa shaba ya Nancy Chelangat Koech wa mita 1,500. Paris 2024 pia tulipata moja tu, fedha ya Samson Ojuka katika kuruka umbali. Nje ya riadha tumekuwa na wachache, na Pwani tunajivunia mmoja wao: Asiya Mohamed Sururu wa Mombasa, aliyepoteza miguu yote miwili kwa ajali ya treni akiwa mtoto mdogo, akaja kuwa mpiga makasia wa Paralimpiki. Hongera zao wote, wanastahili. Ila ukiwapanga mstari hao wote utaona hakuna aliye na mtindio wa ubongo wa kiwango cha kulishwa kijiko. Ukubwa wa ulemavu umekuwa kigezo cha kuachwa nje ya michezo ya walemavu yenyewe.

Wala si kwamba watu hao hawapo. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao 900,000 wenye ulemavu, asilimia 2.2 ya waliokuwa na umri wa miaka mitano na zaidi, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la wenye shida ya kutembea. Mimi naiona hesabu hiyo kuwa ndogo. Karani wa sensa huuliza mlangoni, na mtoto yuko chumba cha ndani.

Nimechagua Oltepesi kama mfano kwa sababu kadhaa. Ni kituo kidogo kwenye barabara ya Magadi, Kajiado Magharibi, unapoteremkia Bonde la Ufa kutoka Kiserian. Kwa msomaji wa Mombasa au Lamu jina lenyewe huenda likawa geni, lakini magadi tunayotia kwenye maharage tunayajua, na shehena za soda kutoka ziwa hilo zimekuwa zikishushwa kwa reli hadi bandari yetu kwa zaidi ya miaka mia. Jirani na Oltepesi ndipo ilipo Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walichimbua mawe yaliyochongwa na binadamu wa kale. Watu hutoka Ulaya na Marekani kuja kuyatazama mawe hayo. Barabara ya lami inapita. Kwa hiyo hatuzungumzii mahali palipojificha mwisho wa dunia. Tunazungumzia mahali ambapo wageni wa kimataifa hufika kwa gari la saa mbili kutoka Nairobi.

Sasa mweke hapo msichana wa miaka kumi na miwili mwenye mtindio wa ubongo, mwenye akili timamu, anayeweza kuwa mchezaji wa BC2. Tumfuatilie njia yake mpaka kwenye shindano la kimataifa, tuone anakwamia wapi.

Kwanza kiti. Oltepesi ni mavumbi, mawe na miiba ya migunga. Kiti chembamba cha hospitali chenye magurudumu madogo ya mbele hakimalizi mwezi. Anahitaji kiti kipana, imara, kilichopimwa mwili wake, maana mgongo ukikaa vibaya miaka mitatu unapinda na hapo hata bocha inakuwa ndoto. Viti vya aina hiyo vinatengenezwa humu nchini. Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo, APDK, kilichoanzishwa 1958, kina karakana zake, na tawi la Mombasa ni miongoni mwa yanayojulikana sana. Kwa hivyo kiti kinapatikana, taabu ni kukifikia.

Pili, safari. Huduma nyingi za kaunti ziko Kajiado mjini, na huko pia kuna kituo cha kanisa la AIC ambacho kwa miaka mingi kimelea watoto wenye ulemavu. Lakini kwa barabara ya lami, mtu wa Oltepesi hulazimika kupanda kwanza hadi Kiserian, azunguke Isinya, ndipo ashuke Kajiado. Kitengela, ambako mji umejaa maghorofa na kumbi, ni safari nyingine. Utingo akiona kiti cha magurudumu anahesabu nafasi mbili au tatu za abiria, na nauli inapanda hivyo hivyo. Mama akiwa na mbuzi wa kuuza na maji ya kuchota, siku nzima ya kumpeleka mtoto mazoezini ni hasara anayoiona kwa macho.

Tatu, vifaa. Seti ya mipira 13 ya kiwango cha mashindano huuzwa kwa mamia ya dola. Tuseme dola 300 tu, na kuna zinazozidi hapo sana. Hiyo ni kama Sh39,000. Familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa ikiwa imebahatika kuingizwa Inua Jamii, inapata Sh2,000 kwa mwezi. Ni karibu miezi ishirini ya posho kwa mipira pekee, mtoto akae bila kula.

Nne, na hapa ndipo wengi hawajui, kuna uainishaji. Hakuna anayecheza bocha ya kimataifa kabla ya kupimwa na jopo lililoidhinishwa na shirikisho la dunia, World Boccia, likathibitisha yuko daraja gani. Upimaji huo hufanywa kwenye mashindano yanayotambuliwa. Maana yake, mchezaji anasafirishwa ng'ambo, pengine na msaidizi wake, kabla ya kujua kama ataruhusiwa kucheza. Akiambiwa ulemavu wake haujafikia kiwango, anarudi na tiketi imeshaliwa. Riadha nayo ina uainishaji wake, lakini mkimbiaji asiyeona hasafiri na mfereji wa kuteremshia mpira wala kiti cha umeme cha kilo mia.

Badilisha sasa jina la Oltepesi uweke Bamba au Ganze. Weka Kinango. Weka Pate au Faza, ambako kiti na mtoto hubebwa mgongoni kuingizwa mashuani maji yakiwa yamekupwa. Orodha ni ile ile. Kwetu inazidi kwa jambo moja: wapo wanaosema mtoto kachezewa na jini, na pesa za kiti zikaishia kwa mganga. Ilhali sababu nyingi zinajulikana. Mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya uchanga isiyotibiwa mapema, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Watafiti wa KEMRI-Wellcome pale Kilifi wametumia miaka mingi kufuatilia watoto walionusurika malaria kali na madhara yaliyobaki kwenye ubongo. Hatuna kisingizio cha kutojua.

Basi nini kifanyike? Kuna kundi linalosema Kenya iombe kuandaa shindano la kimataifa la bocha, mambo mengine yatafuata. Kundi jingine linasema upuuzi, anzeni shuleni kwanza, mashindano ya dunia baadaye. Kwa kawaida mimi ningekuwa na hili la pili, maana tumezoea kuona mahema, fulana na hotuba, wiki ikiisha hakuna kilichobaki. Lakini kwa bocha, hoja ya kwanza ina uzito ambao watu hawauoni. Shindano dogo linalotambuliwa likifanyika nyumbani, jopo la uainishaji linakuja lenyewe. Nchi mwenyeji inaweza kupimisha wachezaji kadhaa kwa nauli ya matatu badala ya nauli ya ndege. Marefa wetu wanafunzwa hapo hapo. Kwa taifa linaloanzia sifuri, hilo pekee linatosha kuwa sababu, hata tukifungwa mechi zote.

Sharti ni kwamba wawepo wa kupimwa. Ukiandaa leo utaleta nani? Kwa hiyo mambo haya mawili yafungamane: miaka miwili ya mechi za shule na kaunti, kisha shindano. Rwanda ni somo zuri la karibu. Walichagua voliboli ya kukaa, wakaing'ang'ania, na Rio 2016 timu yao ya wanawake ikawa ya kwanza ya mchezo huo kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika Paralimpiki kwa upande wa wanawake. Tokyo wakarudi, Paris wakarudi. Nchi ndogo, mchezo mmoja, uvumilivu. Katika bocha yenyewe, Afrika Kusini ilikuwa na wachezaji Paris. Nafasi za bara letu zinagombewa na mataifa machache kuliko za Asia, ambako Korea Kusini imekuwa ikichukua dhahabu ya bocha katika kila Paralimpiki tangu 1988.

Kuna mlango mwingine uliofunguka karibuni. Paris 2024 ilikuwa Paralimpiki ya kwanza ambapo wanaume na wanawake wa bocha walishindania medali zao tofauti katika mechi za mmoja mmoja. Zamani walichanganywa na wanawake wengi wakabanwa. Sasa nchi inayotafuta njia ya haraka ingeanza na wasichana. Yule wa Oltepesi niliyemtaja, au mwenzake wa Ganze, ana nafasi ambayo dada yake mkubwa hakuwa nayo.

Kuhusu vifaa, naona tunajitia unyonge bure. Kwa mashindano ya dunia mpira lazima upite ukaguzi wa uzani na mzingo, hilo halina mjadala. Lakini kwa mazoezi? Mpira wa bocha ni ngozi, au kitu mfano wa ngozi, ulioshonwa na kujazwa punje. Kajiado ni nchi ya ng'ombe, ngozi zinauzwa kwa bei ya kutupa. Mombasa na Malindi tuna washonaji wa makubadhi wanaoweza kushona chochote ukiwapa kipimo. Mfereji wa BC3 nao unaweza kuchongwa na fundi seremala yeyote wa Lamu. Kanuni inataka ukilazwa ubavu uenee ndani ya nafasi ya mita 2.5 kwa 1, na usiwe na mtambo wa kurushia wala kulengea. Bomba la plastiki lililopasuliwa katikati na kupigwa msasa linatosha kumfunza mtoto mwaka mzima.

Uwanja nao hauhitaji zege la mabilioni. Serikali inajenga uwanja wa Talanta wa watu 60,000 kwa ajili ya Kombe la Afrika la 2027, na mimi mpenzi wa kandanda siupingi. Bocha inataka ukumbi wenye sakafu iliyosawazishwa, njia ya kiti mlangoni, na choo ambacho kiti kinaingia. Hilo la choo ndilo gumu kuliko yote, aliyewahi kumsindikiza mtu wa kiti cha magurudumu kwenye kumbi zetu anajua ninachosema. Mombasa ina ukumbi wa Tononoka. Ina shule ya Port Reitz ya watoto wenye ulemavu wa viungo, ina APDK na karakana za Bombolulu zilizoanza 1969, ina uwanja wa ndege wa kimataifa na hoteli zenye vyumba vya chini kuanzia Nyali hadi Diani. Nairobi ikijivuta, sioni kwa nini shindano la kwanza la kimataifa la bocha nchini lisifanyike hapa, na watoto wa Kajiado wakaletwa na treni.

Ipo sauti itakayosema: watu wana njaa, nyinyi mnataka mipira. Hoja hiyo nimeisikia na siidharau, Kajiado wamezika mifugo kwa ukame na Ganze wanaujua ukame vilevile. Ila tazama namna inavyotumika. Hakuna anayeitoa tunapoandaa mbio za nyika wala ligi ya kata ya kombe la mheshimiwa. Hutolewa zamu ya walemavu ikifika. Tena kikao cha bocha ni mahali ambapo tabibu wa viungo anaweza kuwaona watoto kumi kwa pamoja, akakagua viti, akawagundua wasiosajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na bila usajili huo misaada mingine ni migumu kupata. Mzazi aliyemficha mtoto kwa aibu humtoa kwa urahisi zaidi akiitwa kwenye mchezo kuliko akiitwa kliniki.

Kisheria hakuna kizuizi. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 30 kinataja michezo waziwazi. Sheria ya 2003 tayari iliwapa walemavu ruhusa ya kutumia viwanja vya serikali bila malipo. Mei 2025 Rais alitia saini sheria mpya iliyochukua nafasi ya hiyo. Katiba nayo imeweka michezo na majengo yake chini ya kaunti. Kwa hiyo swali la sakafu na choo cha ukumbi haliendi kwa waziri Nairobi. Linakwenda kwa gavana na kwa MCA wako.

Mipango ya maendeleo ya kaunti tuliyonayo ni ya 2023 hadi 2027, na ile itakayofuata itapitia vikao vya maoni ya wananchi wadi kwa wadi, Kajiado Magharibi kama huku kwetu. Vikao hivyo kwa kawaida hufanyiwa ghorofani, au chini ya mwembe ambako kiti hakipiti kwa mchanga. Wazazi wa watoto hawa waulize mapema kikao kitakuwa wapi, wadai pawe mahali pa kufikika, na waende nao watoto wenyewe.